Melki Alisema Bado

Nsimire binti yangu, mama yangu,

Jumapili ulinifuata nyuma ya nyumba, karatasi yako ya kazi ya udereva mkononi, ukasema, "Papa, kule ziwani iko mchanga mingi. Nifundishe. Gari ikizama, mutu anaitosha mu mchanga namna gani?" Nikakujibu kwamba jua ni kali, tutazungumza kesho. Jumatatu nikasema kichwa kinaniuma. Jumanne nikatoka mapema kwenda kuzurura sokoni kama mtu asiye na kwao, ili usinikute. Leo ni Alhamisi. Kesho asubuhi unaondoka, na mama yako amekwenda kwa jirani kukukaangia mikate ya njiani. Nimefunga mlango, nimekaa mezani peke yangu. Nitakujibu hapa, ambapo huwezi kuniona uso.

Habari za sabuni, za kulala mapema, za kutojibizana na wakubwa wako wa kazi, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho ataanza upya. Mi nina jambo moja.

Umekua ukisikia papa yako ni shoferi. Kambi hii nzima ya wakimbizi, Dzaleka, inaniita Shoferi, hata watoto wasiojua jina langu. Nimekuhadithia mara ngapi namna nilivyopeleka malori kutoka Bukavu hadi Shabunda, matope yakifika mlangoni, wenzangu wakilala njiani wiki mbili na mi nikipita? Ni kweli yote. Lakini kila nilipohadithia nilikomea mpakani. Gari niliyoendesha hapa Malawi sikuwahi kuitaja, na wewe, mtoto mwenye akili, hukuuliza.

Unamjua Melki. Yule Mrundi wa mguu mmoja anayeshona viatu karibu na bomba la maji. Tangu utotoni ulijua kwamba alikatika mguu kwa ajili ya ulevi. Mtu aliyekufundisha hivyo ni mi.

Melki hakuwa mlevi. Tulipofika hapa kambini yeye alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Ruyigi, mkulima, mwenye mabega mapana na Kiswahili cha kukwamakwama. Akatutangulia kwenda Lilongwe kutafuta maisha. Akapata kazi ya kulinda na kufyeka bustani kwa tajiri mmoja wa Area 47, mwenye duka la jumla huko Old Town. Siku moja akarudi kambini kwa miguu nusu ya njia, akaja moja kwa moja kwetu kabla hajafika kwake. "Shoferi," akaniambia, "bwana wangu anatafuta mutu wa kuendesha gari. Nimemwambia mi najua mmoja, na hakuna wa kumupita."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nililala katika chumba chake huko Mtandire. Kilikuwa na mkeka mmoja. Akanipa mi, yeye akalala juu ya makaratasi ya maboksi, kwa sababu, alisema, mtu anayeshika usukani lazima apumzike vizuri. Tulikula nsima, ugali wa huku, katika sahani moja. Wala yeye wala mi hatukuwa na kibali cha kufanya kazi nje ya kambi. Tajiri alijua, na ndiyo sababu alitupenda.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe, milango minne, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Niliipenda gari ile kuliko inavyofaa. Nilikuwa nikiosha hata chini ya matumbo yake.

Mwezi wa kumi mwaka ule, wewe ukiwa na miaka minane, tajiri akataka kwenda ziwani kuona kiwanja alichotaka kununua. Alikuwa ameahidiana na chifu wa kule wakutane kabla ya saa sita. Akaniambia nimchukue na Melki, awafyekee mipaka. Tukatoka Lilongwe alfajiri, tajiri mbele pamoja nami, Melki nyuma kwenye sanduku la pikapu, panga katikati ya magoti.

Karibu na ziwa barabara inakatwa na mto. Mwezi wa kumi mto ule hauna maji, una mchanga tu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, na katikati wanawake wamechimba mashimo wanachota maji kwa vikombe. Nilisimamisha gari ukingoni. Melki akaruka chini, akaingia mchangani peku. Akatembea hatua ishirini, akarudi.

"Shoferi," akasema, "mguu unaingia mpaka hapa." Akanionyesha juu ya kifundo. "Toa upepo kwa mapira ya gari kwanza. Nusu. Na utie ile gia nzito tukiwa bado huku."

Mwaka mmoja kabla ya Area 47 Melki alikuwa amefanya kazi na watu wanaobeba mchanga wa kujengea huko huko ziwani. Alikuwa ameona malori yakizama na kutolewa kila siku. Alijua. Mi sikujua. Mi nilijua matope, na matope ni kitu kingine kabisa: matope unayashambulia. Unakanyaga mafuta, unarusha gari huku na huku, na kama una moyo utapita. Mchanga hautaki moyo.

Lakini tajiri alikuwa amegeuka ananitazama, anangoja nitasema nini. Nikasema kwa Kichewa, ili asikie vizuri, kwamba mtu wa jembe sasa anamfundisha shoferi. Tajiri akacheka sana. Nikafurahi kwamba amecheka. Melki akatabasamu pia, maana hakujua aweke wapi uso wake, akapanda nyuma.

Nikaingia kwa mbio. Katikati ya mto nikasikia gari linakuwa zito kama linavutwa mkia. Nikabadilisha gia. Katika mchanga hubadilishi gia, mama; ule muda mdogo ambao gari halivutwi na kitu unatosha. Likasimama. Na hapo, kama ningeondoa mguu, nikarudi nyuma polepole juu ya alama zangu mwenyewe, tungetoka. Nilifanya nilichofanya Shabunda. Nilikanyaga mafuta mpaka chini. Magurudumu yakasaga mchanga, mchanga ukaruka nyuma juu ya Melki na juu ya wanawake na vikombe vyao, na gari likashuka, likashuka, mpaka tumbo likalala. Ukifungua mlango, mlango ulikuwa unakwaruza chini.

Tajiri akatazama saa. Akasema, "Ulisema wewe ni nani kule Congo?"

Hatukuwa na beleshi. Hilo nalo ni kosa langu. Gari ni la tajiri lakini beleshi ni la shoferi. Melki akachimba kwa mikono na kwa sahani ya bati aliyoazima kwa wale wanawake. Mi nikaita watu wasukume. Wanawake wakaacha ndoo zao wakaja, chitenje, vitenge vya huku, zimefungwa kiunoni, wakapiga kelele, "Kankhani! Kankhani!", sukumeni, sukumeni, wakasukuma huku mi nakanyaga mafuta, na kila walivyosukuma ndivyo nilivyochimba kaburi. Mara ya tatu mama mmoja mjamzito akaanguka kifudifudi katika moshi. Tajiri akawafukuza kama kuku. Hakuna aliyewaambia asante.

Jua lilikuwa limepanda, na mchanga wa jua ni mlegevu kuliko mchanga wa asubuhi. Melki akaniambia mara ya pili, kwa sauti ya chini asisikie tajiri: "Kaka, toa upepo." Sikutoa. Nilikuwa nimekwisha kumcheka mbele ya bosi. Kama ningetoa upepo na gari likatoka, ingeonekana yeye ndiye aliyejua. Nsimire, mguu wa mtu umekwenda kwa ajili ya hilo. Nilikuwa nimecheka asubuhi na sikutaka kuonekana nilicheka bure.

Tukaweka jeki juu ya jiwe bapa, tukainua upande wa nyuma wa kulia, tupitishe mkeka chini ya gurudumu. Mkeka ulikuwa wa mmoja wa wale wanawake. Mikono ya Melki ilikuwa imetoka malengelenge na kupasuka, hakuweza tena kushika. Basi akaketi mchangani ubavuni mwa gari, akanyoosha miguu chini yake, mbele ya gurudumu, akawa anausukuma mkeka kwa visigino. Mi nikaingia kwenye kiti. Injini ilikuwa inawaka.

Tajiri alisimama mbali kidogo chini ya mwavuli. Akapiga makofi mara mbili. "Twende!" akasema. "Saa sita imefika, twende!"

Na Melki akasema, "Bado!"

Alilisema kwa nguvu. Dirisha langu lilikuwa wazi. Alikuwa nyuma yangu hatua mbili, upande wangu. Kioo cha pembeni kilikuwa pale, ningegeuza macho tu ningemwona. Sikugeuza, kwa sababu ningetazama ningemwona, na nikimwona lazima ningengoja, na tajiri alikuwa anapiga makofi.

Nikaachia klachi.

Gari likaruka kutoka kwenye jeki. Kisha, baada ya asubuhi nzima ya kuzunguka bure, nikasikia gurudumu la nyuma limeshika kitu. Limeuma. Mwili wote wa gari ukatetemeka kama unaotaka kutoka. Nikafurahi. Hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nilifurahi, nikaongeza mafuta.

Ni wanawake waliopiga mayowe. Melki mwenyewe hakupiga, alikuwa amekosa pumzi.

Kumtoa hakukuwa kazi. Unachimba mchanga chini ya mguu, mguu unashuka wenyewe, unamvuta mtu. Wanawake ndio waliofanya hivyo kwa mikono yao, mi nikiwa nimeshika mlango. Mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umegeuka, na mchanga ulikuwa umeingia ndani yake. Mama mmoja akavua chitenje akaufunga. Melki alikuwa ananitazama mi tu. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anauliza njia: "Hukusikia?"

Nikasema, "Sikusikia, kaka. Injini ilikuwa na kelele."

Kisha nikatoa upepo. Ndiyo. Nilichukua kijiti, nikaminya pua ya kila tairi mpaka mpira ukakaa chini mpana kama mguu wa ngamia. Nikachimba mbele ya magurudumu yote manne, si kishimo, bali mteremko mrefu. Nikaondoa mchanga chini ya tumbo mpaka mkono wangu ukapita kutoka upande huu hadi upande ule. Nikanyoosha usukani. Nikatia gia nzito, nikaachia klachi bila kukanyaga mafuta hata kidogo, na gari likatoka mchangani kwa upole kama ng'ombe anayeinuka. Hakuna aliyesukuma. Ilikuwa kazi ya muda wa kupika uji. Melki alikuwa amelala ukingoni anaangalia.

Umeniuliza mtu anaitoa namna gani. Ndivyo.

Tukampandisha nyuma. Hospitali ilikuwa karibu saa moja kutoka pale. Kiwanja cha tajiri kilikuwa dakika kumi. Nilipofika njia panda tajiri akasema, "Kwanza chifu." Nikakata kona kwenda kwa chifu. Hakunishikia silaha. Hakupandisha hata sauti.

Tajiri na chifu walitembea kiwanjani, wakahesabu hatua, wakakaa kivulini, wakaletewa vinywaji. Mi nilikaa kwenye usukani na funguo mkononi. Funguo zilikuwa mkononi mwangu, mama, muda wote ule. Nyuma yangu, kupitia kioo, nilikuwa nasikia Melki akiomba maji kwa Kirundi. Kwa Kirundi, kwa sababu alikuwa amekwisha kusahau yuko na nani. Nilimpelekea maji mara moja. Bati la gari lilikuwa linaunguza, nikamwekea turubai juu. Nikarudi kukaa.

Tulipotoka huko, lami ilipoanza, tajiri akasema matairi yamelegea mno, yataharibika, tutafute pampu. Kulikuwa na kijana wa kabaza, teksi ya baiskeli, kando ya barabara, na pampu ya baiskeli. Ujue tairi la pikapu linavyojazwa kwa pampu ya baiskeli. Alipofika tairi la tatu akainua turubai kuona tumebeba nini. Akaruka nyuma. "Bambo," akamwambia tajiri, "munthu uyu akufa." Bwana, mtu huyu anakufa. Tajiri akamwambia, maliza tairi la nne. Akalimaliza. Mi nilikuwa nimemshikia mpira wa pampu.

Njiani kwenda hospitali tajiri akaniagiza maneno. Melki si mfanyakazi wake, hamjui. Alimwokota njiani kwa huruma. Alikanyagwa na ngolo, mkokoteni wa ng'ombe. "Ukisema vingine," akasema, "polisi watauliza na wewe unafanya nini kwenye usukani wangu. Utarudi kambini kwa pingu, na baada ya kambi wataamua watakurudisha wapi." Alisema bila hasira, akila karanga.

Hospitalini nesi akamuuliza Melki kwa Kichewa kimetokea nini. Melki alikuwa hawezi kutamka neno. Nesi akanigeukia mi, maana nilionekana mtu aliyesoma. Nikasema ngolo. Akauliza lini. Nikasema sasa hivi. Akautazama mguu, akautazama mchanga uliokauka na damu, akanitazama. Hakuuliza tena. Melki hakuwa na Kichewa kingi, lakini neno ngolo alilijua. Aligeuza uso ukutani. Walifanya walichoweza. Mguu ulikatwa kesho yake.

Nilirudi kazini Jumatatu. Kwenye chumba cha Mtandire nilifagia, nikalala kwenye mkeka ule ule.

Mama yako alijua wiki hiyo hiyo. Nilikuja kambini nikamwambia, si yote, lakini ya kutosha. Alikuwa kwenye cherehani. Akasimamisha mguu, akasema, "Usimwambie mutu. Tuko na mutoto." Akaendelea kushona. Usimhukumu, au mhukumu, mi sina haki ya kukuchagulia. Lakini ujue kwamba viatu vyako vya shule, na mabati ya nyumba hii, na ile kozi ya Kiingereza, vyote vilipita mlango huo. Nilimwendeshea yule tajiri miaka mitatu mingine.

Melki aliporudi Dzaleka na magongo, alisema kweli. Alikwenda kwa wazee wa kanisa, akawaeleza. Wakaniita. Unawakumbuka wale wazee, karibu wote watu wa kwetu Bukavu, watu wa shule, watu wa kuvaa tai. Melki alisimama pale na Kiswahili chake, akakosea, akarudia, akachanganya siku ya Jumanne na Jumatano, akaanza kulia. Mi nilikuwa nimevaa koti. Nikasema kwa utulivu, "Wazee, mi namuhurumia huyu ndugu. Lakini alikuwa amekunywa. Nilimwambia asiingie chini ya gari, akaingia." Mzee mmoja akamuuliza, "Melki, ulikuwa umekunywa?" Akasema hapana, kwa hasira, akapiga meza, akaanguka kwa sababu hakuwa bado amezoea magongo. Wazee wakatazamana. Wakaandika kwamba jambo limekwisha, na kwamba aombewe.

Tangu siku hiyo akaitwa Melki Mulevi. Baada ya miaka miwili akaanza kunywa kweli.

Sasa nitakukumbusha kitu, na najua kitakuuma, na nataka kikuume. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuja mbio nyumbani na wenzako, umeshika gongo la Melki. Mlikuwa mmelinyakua alipokuwa anaoga, mkalikimbiza mpaka juu ya kilima, na yeye akatambaa akiwafuata, uchi, na sabuni kichwani. Ulikuwa unasimulia na huwezi kumaliza kwa kicheko. Ulimwigiza anavyotambaa. Hapo, sakafuni, karibu na meza hii.

Na mi nilicheka, Nsimire. Mama yako alitoka nje. Mi nilicheka mpaka machozi, nikakuambia, "Haya, murudishie," kwa sauti ambayo mtoto yeyote angejua kwamba si amri. Hukumrudishia. Lilifanywa kuni.

Nilikuwa na nafasi ya kukufanya mtu siku ile, nikakufanya mwenzangu.

Yule tajiri aliniondoa bila sababu. Alipata shoferi mwenye vibali, akaniambia niache funguo kwa mlinzi wa getini. Nilipouliza kosa langu akasema, "Kosa? Wewe hukuwa kamwe mtu wangu," na geti likafungwa. Nilitembea hadi Mtandire kuchukua nguo zangu. Njiani nilikuwa na uchungu mkubwa wa kudhulumiwa. Fikiri. Nilikuwa nikijiambia, baada ya yote niliyomfanyia.

Mafunzo ya udereva nimekupa mi mwenyewe, na una mkono mzuri kuliko wangu. Sikuwahi kukufundisha mchanga. Kila ulipofika sura hiyo nilibadilisha mazungumzo. Na nilikuwa nikikuambia maneno yale yale ya Shabunda: shoferi haulizi watu, shoferi anajua. Nilikusikia juzi ukimwambia rafiki yako hivyo hivyo, kwa sauti yangu, na kidevu juu. Usiku huo sikulala, na jana mchana nikaenda kwa Melki.

Kwake ni chumba kimoja, safi kuliko unavyodhani. Alikuwa anapitisha uzi wa nta katika soli. Hakunikaribisha kuketi. Nikasimama nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa yote, kwa maneno niliyosema kwa wazee, kwa maneno niliyosema hospitalini. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa adabu. Akaendelea kushona mpaka nikamaliza.

Akasema, "Mtoto wako anaenda kuendesha gari ziwani. Batu banasema."

Nikasema ndiyo.

"Ndo sababu umekuja. Unaogopa Mungu atalipiza kwake. Haukuje kwa ajili ya mguu yangu."

Alikuwa amesema kweli tupu.

"Miaka yote hii," akasema, "niko na swali moja. Ngolo, nilikusamehe. Uko na bibi na mtoto, uliogopa polisi. Wazee pia, nilijua uliogopa. Mutu akiogopa anasema uongo. Lakini pale mutoni haukuwa unaogopa kitu." Akaweka kiatu chini. "Nilisema bado. Ulisikia, ao haukusikia?"

Nsimire, hata pale ulimi wangu ulitaka kusema injini.

Nikasema, "Nilisikia."

Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Au atalia, tulie wote, kama watu wanavyofanya kanisani, kisha mtu aende nyumbani akiwa mwepesi. Hakufanya hivyo. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua uzito wa mzigo na sasa mizani imemthibitishia. Akaokota kiatu.

"Basi toka," akasema.

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Hapana. Na usirudi kuuliza." Hakukuwa na hasira katika sauti yake.

Nimemwahidi, ingawa hakuniomba, kwamba nitasimama mbele ya wazee na kusema. Nimejiambia itakuwa Jumapili hii. Lakini mi najijua. Wewe utakuwa mbali, mama yako ataniomba kwa machozi niache, tai ya mzee wa kwanza itanitazama, na huenda nikakohoa na kuketi. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kwa kalamu isiyofutika, ili angalau mtu mmoja wa damu yangu awe nayo kwa mwandiko wangu. Ukisikia kwamba sikusimama, una ruhusa ya kuwapelekea wazee karatasi hizi. Wanaujua mwandiko wangu. Ni mi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za vikao vyao.

Nilipokuwa mlangoni kwake Melki aliniita. Sikuamini. Niligeuka haraka kama mbwa aliyeitwa.

Hakuinua macho kwenye kazi yake. Akauliza, "Huyo binti anaendesha muzuri?"

Nikasema, "Ananipita mi."

"Basi mwambie mambo yote," akasema, "asikuje kuua mutu kwa kukuiga wewe."

Nimekwisha kukuambia. Mama yako anarudi, nasikia kicheko chake kwa jirani.

Papa yako.